Usiniite Nikiwa Ndani

"Mama, achana kwanza na mayai. Nakuuliza kitu."

Hildegarda hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti katika giza la jiko lake, uso karibu na tundu la ukutani ambamo jua la asubuhi lilipenya kama kijiti cheupe. Mkononi alikuwa na yai. Alilizungushia vidole, akalisogeza mpaka likaziba tundu, na yai likawaka lote, jekundu, kama taa ndogo. Ndani yake vijishipa vilitawanyika kutoka kwenye kidoa cheusi. Kidoa kikacheza. Hapo ndipo alipovuta pumzi, maana muda wote huo alikuwa ameizuia. Pumzi hutikisa mkono, na mkono ukitikisika hutajua kilichocheza ni kifaranga au ni wewe.

"Hili zima," alisema, akaliweka kwenye ungo. "Haya, uliza."

Makarius, mwanawe, alisimama mlangoni huku ameshika mwimo. Siku hizi kila aliposimama alitafuta kitu cha kushika, na akiulizwa anasema ni jua. Alikuwa fundi wa matairi Mikumi, kwenye barabara kuu, na asubuhi hiyo alikuja kijijini kwao, Ulaya, kwa pikipiki kumleta mkewe, Doris, ambaye kesho yake angemsindikiza mama mkwe hospitali kubwa ya mjini.

"Walikuchoma mishipa ya figo," alisema. "Walipitisha waya pajani mpaka huko ndani, wakachoma."

"Walichoma ile mishipa ya fahamu inayopandisha presha. Figo yenyewe hawakuigusa."

"Uliiona?"

"Sikuiona."

"Ndiyo hapo sasa. Kitu kimewashiwa moto ubavuni, kitapumuaje? Leo presha imeshuka, kesho figo imekauka. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu."

Hildegarda alichukua yai jingine. Kwamba presha yake ilishuka, hilo hata Makarius hakubisha. Kwa miaka mingi ilikuwa ya aina ile isiyosikia dawa. Alimeza vidonge vya kila rangi, na bado kichwa kilimgonga kama mtu anayetwanga kisamvu. Ndipo wakamfanyia hiyo tiba ya waya. Sasa vidonge vimepungua, na usiku analala. Lakini Makarius naye alikuwa nayo, presha ileile, kiburi kilekile, na daktari wa Mikumi alimwambia aende mjini mapema kabla figo hazijaharibika. Hakwenda. Dada yake, Costancia, figo zilimfia kwa ugonjwa huohuo, na tangu siku walipomtoa wodini amefunikwa shuka, Makarius hajakanyaga hospitali ya kulaza watu.

"Si umesema safari hii wanakwenda kuipiga picha hiyo figo?" alisema. "Waone kama inapata hewa?"

"Ndiyo wito wenyewe."

"Basi. Wakikuonyesha inapata hewa, na mimi nitakwenda. Isipopata, usinitajie tena hospitali. Acha nife na matairi yangu."

Sauti ya Doris ikatoka uani, alikokuwa akichambua mchele. "Mnamsikia fundi? Kutwa anajaza malori upepo, ya kwake presha inamkimbiza."

"Wewe chambua mawe."

"Nachambua. Makubwa yako huko ndani."

Hildegarda alicheka kidogo, akaliziba tundu kwa yai la mwisho. Kicheko kikakatika. Upande mmoja vijishipa vilionekana vizuri. Upande wa pili kulikuwa na kivuli, na kidoa hakikucheza. Alilizungusha, akangoja, akalizungusha tena. Yai viza likiachwa hupasuka na kuharibu wenzake.

"Hilo tupa," Makarius alisema.

"Kwa nini?"

"Si unaliangalia mno. Limekufa hilo."

"Bado silijui. Sikusema limekufa."

Akalirudisha chini ya kuku pamoja na mengine. Kuku alinung'unika, akajitanua.

Makarius alitoka bila kuaga vizuri, akawasha pikipiki. Hildegarda alimfuata uani, akitaka kumwambia aendeshe polepole. "Makarius," aliita. Kijana alitazama mbele. "Makarius." Akaondoka, vumbi likabaki.

Alisimama pale uani muda mrefu. Katika nyumba ile mtu akiitwa anaitika. Hata ukiwa umekasirika, hata ukiwa na tonge mdomoni. Wavulana "naam", wasichana "abee", na mtoto aliyenyamaza alitafutwa kama aliyeanguka kisimani. Makarius alijua hilo kuliko kujua jina lake.

*

Treni ya umeme waliipandia Kilosa, na kabla jua halijapata makali walikuwa mjini. Hildegarda alikuwa hajala, kama alivyoagizwa, na maji alikunywa yale tu aliyoruhusiwa. Daktari aliyewapokea aliitwa Yusrah, mwanamke wa umbo dogo mwenye ushungi mweupe. Alikuja akaketi nao kwenye benchi la ukumbini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Leo hatukutoboi popote." Alieleza taratibu, akitumia mikono. Mashine ile si eksirei. Ni sumaku kubwa sana. Damu iliyobeba hewa safi na damu iliyokwisha kuishusha hewa yake hazifanani mbele ya sumaku, na kwa tofauti hiyo wao huweza kusoma, bila kufungua tumbo, ni sehemu gani ya figo inayopata hewa ya kutosha na ipi inayohangaika. "Wengi waliopata tiba kama yako presha imeshuka. Sisi tunataka kujua figo zenyewe zinasemaje."

"Unaangalia ndani bila kupasua."

"Hasa."

"Hiyo naijua," Hildegarda alisema. "Na sharti lake?"

"Sharti ni pumzi. Figo hupanda na kushuka ukipumua. Tukikwambia usipumue, usipumue kabisa, wala usitikisike. Ukitikisika, picha inakuwa ukungu mtupu."

"Na ikiwa ukungu?"

Daktari alitazama foleni mlangoni, viti vya magurudumu, watu waliolala kwenye mabega ya ndugu zao. "Ikishindikana leo, bibi, nafasi nyingine ni baada ya masika."

Doris alimtazama mama mkwe. Wote wawili waliona jambo moja. Makarius angefurahi kungoja. Angengoja masika haya na yajayo, ameshika mwimo wa mlango.

*

Walimvua hereni, pini ya nywele na rozari, wakamvika gauni la hospitali, wakamlaza kwenye kitanda chembamba. Kijana wa mashine aliitwa Abubakari. Alimfunga mkanda tumboni huku ametazama pembeni kwa heshima, akamvalisha vitu vya masikioni, akamwekea mpira mkononi abonyeze akizidiwa. Kitanda kikateleza ndani. Lilikuwa shimo jeupe, jembamba, lenye taa ndogo, na dari yake karibu iguse pua.

Mashine ikaanza kugonga, kama fundi bati aliyekosana na mkewe.

"Bibi Hildegarda," sauti ya Abubakari ilisema masikioni.

"Bee."

"Samahani, bibi, tunaanza. Vuta pumzi, bibi."

"Haya."

"Toa. Sasa usivute tena, bibi."

"Haya, baba."

Kimya. Mashine ikaacha kugonga.

"Bibi, tunaomba usijibu. Ukijibu pumzi inatoka, na tumbo linacheza."

"Sawa, sitajibu."

Upande wa pili wa kioo, Doris alijifunika mdomo kwa kanga.

Walirudia. Hildegarda alikaza midomo. Alivuta, akatoa, akazuia, alihisi amefaulu. Kisha kijana, ili kumtia moyo, akasema kwa upole, "Vizuri hivyohivyo, bibi Hildegarda," na mdomo ukafunguka wenyewe. "Bee," ulisema. Walirudia tena. Safari hii aliuma ulimi kabisa, na jina lilipotajwa "bee" haikutoka, lakini ilimpanda kifuani kama kwikwi, na mwili wote ukaruka.

Costancia alikuwa hivyo. Siku zile za wodini, miguu imevimba mpaka inang'aa, macho hayafunguki, mama yake akisema "Costa" yeye anajibu "abee, mama". Sauti ilipungua, ikawa upepo tu wa midomo, lakini ilijibu. Mpaka asubuhi moja Hildegarda aliita akiwa anakunja shuka, akaendelea kukunja, akaita tena. Ndivyo alivyojua, kabla nesi hajafika. Tangu hapo hakuna mtu aliyemwita Hildegarda akakosa jibu.

Walimtoa. Taa za chumba zikamwumiza macho.

"Dakta, zote zimecheza," Abubakari alisema kwa huzuni, kama aliyevunja chombo cha watu. Daktari Yusrah alitazama saa, akatazama mlangoni. Mgonjwa mwingine alikuwa amekwisha kuvalishwa gauni.

"Bibi kachoka," daktari alisema. "Tusimtese. Tumpangie siku nyingine."

Hildegarda alikaa kitandani, miguu ikining'inia. "Sijachoka. Na pumzi ninayo, kila siku naizuia. Shida ni huyu kijana. Ananiita."

"Mimi?" Abubakari alishtuka. "Bibi, sijakukosea adabu hata kidogo."

"Ndiyo shida yenyewe. Ukiniita nitaitika. Usiniite nikiwa ndani."

"Nisemeje, sasa?"

"Sema 'vuta'. Sema 'toa'. Sema 'nyamaza'. Basi, kama unafukuza mbuzi."

Kijana aliangalia viatu vyake. Alikuwa mtu wa pwani, na ilionekana malezi yake yanamkaba koo. "Bibi, mimi nimwambie mtu mzima nyamaza? Kavu namna hiyo? Mama yangu akisikia…"

"Nani atamwambia?"

"Mimi nitamwambia," Doris alisema nyuma ya kioo. "Nipe namba."

Daktari Yusrah alicheka, halafu akaacha. "Abubakari, mara moja tu. Jaribu."

Abubakari alisogea karibu na kitanda, akainamisha kichwa. "Naomba radhi, bibi. Naomba radhi kabisa."

"Radhi nimekupa. Tena chukua ya kutosha, usije ukaniomba nyingine huko ndani."

Kitanda kikateleza. Taa ndogo. Dari puani. Mashine ikaanza kugonga.

"Vuta," ilisema sauti, dhaifu, kama mtu anayeiba.

"Toa."

Palikuwa na kitambo, na ndani ya kitambo hicho Hildegarda alisikia kijana akijikaza.

"Nyamaza."

Alifumba macho, na akaliona tundu la jikoni kwake. Akashika yai. Akalisogeza mpaka likaziba mwanga, likawaka, na vijishipa vikatawanyika. Mkono haukutikisika. Mashine iligonga, ikagonga, na yeye alikuwa ametulia, anangoja kidoa kicheze.

"Pumua."

Akapumua. Halafu tena: vuta, toa, nyamaza. Sauti ilizidi kupata nguvu, ikawa sauti ya kazi. Kila mara alihisi jina lake likija mbali, kama mtu anayepandisha njia ya nyumbani, na kila mara halikufika.

Kitanda kilipotoka nje mara ya mwisho, Abubakari alikuwa amesimama akimsubiri. Alichutama mpaka kichwa chake kikawa chini ya cha bibi, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba," Hildegarda alisema. "Marahaba sana."

*

Jioni daktari aliwaita chumbani kwake. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na maumbo mawili yaliyopinda kama punje za maharage, yamejaa rangi.

"Bluu ni pale penye hewa ya kutosha. Ikielekea nyekundu, imepungua. Huku katikati hupungua kwa kila mtu, msiogope. Figo ya kulia nzuri sana. Ya kushoto nayo inapata hewa." Kalamu yake ilisimama. "Ila hapa juu pana kipande. Mnakiona? Kimeelekea wekundu."

"Kwa ajili ya kuchomwa?" Hildegarda aliuliza.

"Sijui, bibi. Utafiti huu wa picha umeanza wewe umeshatibiwa. Ningekuwa na picha ya kabla, ningelinganisha. Huenda ni ile presha uliyokaa nayo miaka yote. Vipimo vya damu na mkojo havijabadilika vibaya, na hilo ni jema. Mwakani tutapiga tena, tuone."

"Lakini hujui."

"Sijui."

Hildegarda aliitikia kwa kichwa. Doris aliomba kupiga picha kwa simu, daktari akamruhusu.

Walirudi kesho yake kwa basi la barabara kuu, ili washukie Mikumi. Walipoingia mbugani dereva alipunguza mwendo. Swala walikuwa wakila kandokando ya lami bila habari na mtu. Doris alikuwa ameinamia simu tangu Morogoro.

"Mama, tazama." Alimwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na punje moja tu, bluu. "Nimeikata. Hii inamtosha."

"Mtu ana figo ngapi?"

"Mama, jamani. Daktari si kasema inapata hewa? Akikiona hicho chekundu atasema si niliwaambia. Wewe humjui Makarius?"

"Namjua, nilimzaa."

"Mimi nataka mume," Doris alisema. Sauti yake haikuwa na utani tena. "Usiku anashika kichwa, anadhani nimelala."

Hildegarda alimchukua mkono, akaukalisha juu ya paja lake. Nje tembo mmoja alisimama mbali, amegeuza mgongo.

"Dada yake alipolazwa, Makarius aliuliza kila siku," alisema. "Manesi wakamwambia ataamka. Padri akamwambia ataamka. Na mimi nikamwambia. Akawa anatengeneza kitanda kule nyumbani, cha mbao za mninga, dada akirudi alale vizuri. Alikuwa anapiga randa siku tuliyomrudisha." Akaukaza mkono wa Doris. "Irudishe, mwanangu. Irudishe nzima."

Doris alitazama dirishani mpaka mbuga ikaisha. Halafu kidole chake kikagusa simu, na punje ya pili ikarudi.

*

Karakana ya Makarius ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Walimkuta amechuchumaa mbele ya beseni la maji, anazamisha mpira wa tairi kipande kwa kipande, akitafuta panapovuja. Alifuta mikono kwenye suruali, akawasalimu, akanyoosha kiganja bila kuuliza. Doris akampa simu.

Alitazama muda mrefu.

"Bluu ndiyo hewa," Doris alisema.

"Na hii nyekundu?"

Doris alimgeukia mama mkwe.

"Hiyo wenyewe hawaijui," Hildegarda alisema. "Inawezekana ni ule moto. Inawezekana ni presha ya zamani. Watatazama tena mwakani."

"Hawaijui? Walisema hivyo?"

"Daktari mwenyewe, kwa mdomo wake. Nilimwuliza mara mbili."

Makarius alipitisha kidole juu ya kioo, kikaacha mstari wa maji juu ya punje zote mbili. Lori lilipita kuelekea Iringa, mabati yakatetema. Akarudisha simu.

"Nina gari la watu hapa," alisema, akachuchumaa, akaendelea kuzamisha mpira. Mapovu madogo yakapanda mahali pamoja, mfululizo. Aliyaangalia, lakini hakupawekea alama ya kuziba.

Hildegarda alirudi Ulaya kwa bodaboda, jioni hiyohiyo.

*

Siku ya tatu alikuwa jikoni, amemwinua kuku, mayai yako kwenye ungo, aliposikia pikipiki. Haikupiga honi. Hatua zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Makarius," aliita, bila kugeuka.

"Naam, mama."

Mikono ya Hildegarda ilisita juu ya ungo. "Ingia, unaziba mwanga."

Aliingia, akaketi kwenye kigoda. Alimtazama mama akiinua yai moja baada ya jingine. Sasa yalikuwa yamejaa giza ndani, yamebaki na utupu mdogo kwenye ncha.

"Mle ndani kuna giza?" Makarius aliuliza.

"Kuna taa ndogo."

"Nasikia inapiga kelele."

"Kama fundi bati. Unazoea."

"Na Doris kanisimulia habari za yule kijana. Anacheka mpaka analala chini." Alijikuna kidevu. "Mimi wakiniita nitafanyaje?"

"Utawaambia mapema. Waambie ulivyolelewa."

Lilibaki yai moja, lile la kivuli. Hildegarda alilishika, akalipima uzito kiganjani, kisha badala ya kulipeleka kwenye tundu akamnyooshea mwanawe. Makarius alilitazama kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Akaondoka kwenye kigoda, akapiga magoti, mabega yake mapana yakameza ukuta mzima. Akalizungushia vidole vyake vyenye weusi wa matairi. Akalisogeza mpaka tundu likazibika, jiko likawa giza, na uso wake peke yake ukapata wekundu hafifu.

"Ukiliona…" mama yake alianza, akaacha.

Alisikia pumzi ya mwanawe ikipanda, ikishuka, halafu ikasimama. Hakuna aliyemwambia aizuie. Nje kuku alikuwa akizunguka uani, anadai mayai yake. Hildegarda alifungua mdomo amwite, akaufunga, akaketi pale gizani, anangoja.